Wembe na Ukanda: Habari za Kutunza Makali

Asubuhi ya tarehe 6 Januari, mwaka 1664, mtumishi mmoja wa serikali ya Uingereza, Samuel Pepys, karani katika ofisi ya majeshi ya baharini mjini London, alishika wembe kwa mkono wake mwenyewe akajinyoa ndevu. Umri wake ulikuwa miaka 30. Kabla ya siku hiyo alikuwa ama akinyolewa na kinyozi, ama akijisugua ndevu kwa jiwe jepesi lenye vitundu litokalo katika milima ya moto, ufundi aliojifunza mwaka 1662. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku aliandika kwamba kazi ile ilimwia nyepesi, na ya kuwa angeendelea nayo kwa sababu ilimwokolea fedha na wakati. Habari hiyo ni fupi, wala hamna ndani yake neno lolote juu ya kunoa. Ni furaha ya mtu aliyepewa wembe mkali, ambao bado haujapata nafasi ya kuwa butu mikononi mwake.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Januari 1665, Pepys huyo huyo alichukua kwa muuza vitabu kitabu kipya kilichokuwa kikizungumzwa sana mjini, *Micrographia* cha Robert Hooke, na usiku wa kesho yake alikaa nacho chumbani mpaka saa nane za usiku. Hooke alikuwa msimamizi wa majaribio katika Chama cha Kifalme cha wataalamu wa London, na kitabu chake kilionyesha vitu vidogo vilivyotazamwa kwa hadubini. Uchunguzi wa kwanza ni wa ncha ya sindano. Wa pili ni wa makali ya wembe. Jicho tupu huyaona makali ya wembe ulionolewa vema kuwa ni mstari usio na upana. Chini ya hadubini ya Hooke mstari ule ulikuwa na upana, tena haukunyooka. Ulikuwa na mapengo na mikwaruzo, alama za jiwe lililounolea, na kila mkwaruzo ulionekana kama mfereji uliolimwa katika chuma. Wembe ambao mtu angeogopa kuupitisha shingoni ulifanana na kitu butu kilichochongwa ovyo.

Mkono wa mwanagenzi na jicho la mtaalamu vilikutana usiku ule katika chumba kimoja, na hapo ndipo panapofaa kuanzia habari hii. Kwa maana wembe wa kukunja, yaani ule wenye ubapa mmoja mrefu uingiao katika mpini wake, haukuwa chombo cha kununua na kutumia tu. Ulikuwa chombo cha kutunza kila siku, na kuutunza kulikuwa kugumu kuliko kunyoa kwenyewe. Historia yake katika Ulaya na Marekani kwa muda wa miaka 250 iliyofuata ni historia ya swali moja: ni nani atakayejua kuyarudisha makali kila asubuhi? Kinyozi alidai kwamba ni yeye. Mfua visu alidai kwamba ni mtu yeyote atakayesoma kitabu chake. Mwenye duka alidai kwamba ni mtu yeyote atakayenunua ukanda wake. Mwisho akaja mtu aliyesema kwamba hapana haja ya yeyote kujua.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kutenganisha kazi mbili ambazo lugha huzichanganya. Kiswahili kina neno *kunoa*, nalo hutumika kwa kila njia ya kutia makali, liwe jiwe, liwe cherehe, iwe ngozi. Kwa shoka na panga neno hilo latosha. Kwa wembe halitoshi, kwa sababu wembe una kazi mbili zilizo mbali mbali. Ya kwanza ni kazi ya kinoo: jiwe hula chuma, hupunguza unene wa makali, na kuyaunda upya. Kazi hii hufanywa mara chache, pengine mara mbili au tatu kwa mwaka. Ya pili ni kazi ya ukanda: ngozi laini husugua makali ambayo yameundwa tayari, huyanyoosha palipopinda, na kuyang'arisha. Kazi hii hufanywa kila mara kabla ya kunyoa. Mataifa ya Ulaya yameuita ukanda huo kwa majina yanayoonyesha mawazo mbalimbali. Wafaransa huutaja kwa kitu ulichotengenezwa nacho, *cuir*, yaani ngozi. Wajerumani huutaja kwa mwendo wake, *Streichriemen*, yaani ukanda wa kupitishia. Waingereza wameliacha neno lao, *strop*, katika umbo lake tu, kwani lina asili moja na jina lao la kila ukanda wa kufungia mzigo. Kwa Kiswahili waweza kuitwa ukanda wa kunolea, maadamu msomaji akumbuke kwamba kunoa huku si kule kwa jiwe. Kosa la kwanza la mwanagenzi lilikuwa hilo hilo: kufikiri kwamba ukanda unaweza kufanya kazi ya kinoo. Kosa la pili lilikuwa kinyume chake, kukimbilia jiwe kila wembe unapokwaruza, mpaka ubapa ukaliwa wote.

Katika siku za Pepys elimu hii ilikuwa mali ya chama. Vinyozi wa London walikuwa wameunganishwa na wapasuaji katika chama kimoja tangu mwaka 1540, kwa sheria ya mfalme Henry wa Nane, na muungano huo haukuvunjika mpaka mwaka 1745. Muungano wa watu hawa wawili si jambo la ajabu kama unavyoonekana leo. Wote wawili waliishi kwa chuma chembamba na ngozi ya mtu, na wembe wa ndevu na kisu cha kutoboa jipu vilipitishwa juu ya kinoo kimoja. Kijana aliyetaka kazi hiyo aliandikishwa kwa bwana wake kwa muda wa miaka mingi, kwa desturi ya Uingereza miaka 7. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kushika vyombo na kuvitunza kabla ya kuruhusiwa kugusa shavu la mteja. Waswahili husema, mtoto akililia wembe, mpe. Chama cha vinyozi hakikuwa na mawazo hayo. Mtoto aliyelilia wembe alipewa ukanda kwanza.

Mambo yakabadilika kwa ajili ya chuma. Yapata mwaka 1740, Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyetoka Doncaster akahamia Handsworth karibu na Sheffield, aligundua njia ya kuyeyusha feleji, yaani chuma kigumu cha kufulia visu na panga, katika vyungu vya udongo mpaka iwe maji kabisa. Alikuwa akitafuta chuma bora kwa springi za saa. Chuma chake kilikuwa na ugumu ulio sawa pande zote, bila ya mistari laini na migumu iliyoyaharibu makali ya chuma cha zamani. Wafua visu wa Sheffield walikikataa, wakasema ni kigumu mno kukifanyia kazi. Wafaransa wakakinunua. Visu na nyembe za Kifaransa zilipoanza kuingia Uingereza na kupendwa, mafundi wa Sheffield walijaribu kuiomba serikali iizuie feleji ya Huntsman isitoke nje ya nchi. Waliposhindwa, wakaanza kuitumia wao wenyewe. Kwa mwenye kufuatia habari za ukanda, jambo la maana ni hili: chuma kigumu na cha namna moja hukubali makali membamba zaidi na kuyashika muda mrefu. Wembe wa chuma cha zamani ulihitaji kinoo mara kwa mara, na kinoo kilihitaji fundi. Wembe wa feleji mpya uliweza kuishi kwa ukanda peke yake kwa majuma mengi. Mtu wa kawaida sasa angeweza kuutunza nyumbani kwake, kama angefundishwa.

Aliyechukua kazi ya kufundisha alikuwa Mfaransa. Mwaka 1769 Jean-Jacques Perret, bwana wa wafua visu katika Paris, alitoa kitabu alichokiita *La Pogonotomie*, jina alilolifua mwenyewe kwa Kiyunani, *pogon* kuwa ndevu na *tome* kuwa mkato. Jina la kitabu linaendelea kwa urefu wa karne ile, na urefu huo una faida. Laahidi kumfundisha mtu sanaa ya kujinyoa mwenyewe. Kisha laahidi kumfundisha kuyatambua mawe ya kila namna yafaayo kunolea. Kisha namna ya kuzitayarisha ngozi za kupitishia nyembe, na namna ya kutengeneza ngozi zilizo bora. Na mwisho laongeza neno juu ya kutoa damu mwilini. Msomaji ataona kwamba kunyoa kwenyewe ni kipande kimoja tu cha ahadi. Vilivyobaki ni jiwe na ngozi, pamoja na lile neno la damu, mabaki ya udugu wa zamani baina ya kinyozi na tabibu.

Perret hakuwa mtu wa maneno matupu. Miaka michache baadaye, mwaka 1771 na 1772, aliandika kitabu kikubwa juu ya ufundi wote wa kufua visu, katika mfululizo uliotolewa na Chuo cha Sayansi cha Paris, chenye picha za vyombo na namna za kuvishika. Lakini kitabu kidogo cha 1769 ndicho kilichofanya jambo geni zaidi. Kiliondoa siri ndani ya karakana na kuiweka mikononi mwa mnunuzi. Humo pia Perret alieleza wembe uliofunikwa kwa ubao, makali yakichungulia kidogo tu, kwa mfano wa randa ya seremala, ili mkono wa mwanagenzi usizame. Yaani mtu yule yule aliyeamini kwamba ufundi waweza kufundishwa kwa kitabu aliweka akiba ya ubao, kwa ajili ya wale ambao kitabu hakitawafaa. Hapana dharau katika neno hilo; ni busara ya mwalimu aliyewahi kuona damu.

London ilifuata katika miaka ya 1790, na ilifuata kwa makelele. George Packwood alikuwa na duka la kanda za kunolea na dawa ya kuzipaka, na katika miaka michache alijaza magazeti kwa matangazo yake. Hayakuwa matangazo ya bei na mahali tu. Alitunga mazungumzo baina ya watu wawili, vitendawili, nyimbo, na hadithi fupi, zote zikiishia katika ukanda wake, na mwaka 1796 akayakusanya na kuyauza kama kitabu kwa jina la *Packwood's Whim*. Wanahistoria wa biashara humtaja kuwa miongoni mwa watu wa kwanza walioona kwamba tangazo laweza kuwa mchezo wa kusomwa kwa furaha. Mtu wa lugha aonaye matangazo yale huvutwa na jambo jingine. Packwood hakumweleza mteja jinsi ya kuupitisha wembe. Alimweleza aibu ya wembe butu, shavu lenye damu, mchumba aliyekimbia. Kitabu cha Perret kilimwambia mwanagenzi, utajifunza. Matangazo ya Packwood yalimwambia, utanunua.

Wakati ule ule, mwaka 1797, Benjamin Kingsbury, mtengeneza nyembe wa London, alitoa kitabu chake juu ya nyembe, *A Treatise on Razors*, kilichoeleza uzito wa wembe, umbo lake, ugumu wa chuma chake, njia za kuutunza na namna ya kuutumia. Kitabu hicho kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi. Mtu aweza kudhani kwamba kitabu na tangazo vilikuwa maadui. Sivyo. Vyote viwili vililishwa na watu wale wale, wanaume wa miji waliokuwa wakiacha kwenda kwa kinyozi, wakanunua wembe, na baada ya mwezi wakaona kwamba hauwatii tena.

Basi mwanagenzi huyo alitakiwa kufanya nini? Maelezo ya kazi yenyewe hayajabadilika sana tangu karne ya 18, kwa sababu chuma, ngozi na mkono havijabadilika. Ukanda huwa wa ngozi ya ng'ombe au ya farasi, na mara nyingi huwa na mwenziwe wa kitambaa cha kitani au turubai. Upande mmoja huanikwa katika ndoana ukutani, na upande wa pili hushikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa mpaka usilegee. Wembe hulazwa bapa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi kwa pamoja. Kisha husukumwa mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na jiwe, kwani juu ya kinoo makali hutangulia. Mwanagenzi akisahau na kuyatanguliza makali juu ya ngozi, ataukata ukanda, na ukanda wenye chale huharibu kila wembe upitao juu yake.

Ugumu wote u mwishoni mwa ukanda. Wembe ufikapo ukingoni hugeuzwa ili urudi kwa ubapa wa pili, na kugeuza huko hufanywa juu ya mgongo, mgongo ukibaki umegusa ngozi wakati wote. Mkono usiozoea huuinua wembe kwanza, ndipo ukaugeuza; na katika kuinua, makali hubaki peke yake juu ya ngozi kwa nukta moja, yakaviringika. Kosa hilo halionekani kwa macho, wala halisikiki. Huonekana shavuni dakika tano baadaye. Kwa hiyo vinyozi wa zamani walimfundisha mwanafunzi kwenda polepole sana kwa majuma ya kwanza, vidole viwili vikiushika wembe pale ubapa unapokutana na mpini na kuuzungusha kama penseli, bila ya kupinda kifundo cha mkono. Mwendo wa haraka wenye mlio wa kuvutia, ambao mteja aliupenda kuusikia, ulikuja wenyewe baada ya miaka. Mwanagenzi aliyeanza na mlio aliishia katika kinoo.

La tatu ni uzito wa mkono. Ngozi hubonyea. Wembe ukikandamizwa, ngozi huinuka mbele na nyuma ya makali na kuyafunga kwa mviringo, na makali yaliyo membamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita hayawezi kuvumilia mviringo huo. Uzito wa wembe wenyewe watosha. Jambo hili ni jepesi kuandikwa na gumu kuaminiwa, kwa maana kila aliyewahi kunoa panga hujua kwamba mwenye nguvu humaliza mapema. Wanagenzi wengi waliharibu nyembe zao kwa bidii.

Baada ya kunyoa, kazi iliyobaki ni kukausha. Feleji ya zamani hushika kutu upesi, na kutu huanza pale palipo pembamba kuliko pote, yaani katika makali. Wembe uliopanguswa, ukapitishwa mara chache juu ya kitani ili maji yaliyofichika yatoke, na kupakwa tone la mafuta kama hautatumika kesho, hudumu umri wa mtu na hurithiwa na mwanawe. Watu wenye uwezo walinunua nyembe saba katika sanduku moja, kila mmoja umechorwa mgongoni jina la siku yake, kwa kuwa iliaminiwa kwamba chuma huchoka na hupata nafuu kikipumzishwa. Imani hiyo haikuwa na msingi katika chuma. Ilikuwa na msingi katika kutu, kwani wembe uliopumzika siku sita ulikuwa wembe uliokauka kabisa.

Juu ya mawe, neno moja latosha. Yaliyosifiwa kuliko yote kwa nyembe ni yale ya rangi ya manjano yachimbwayo katika milima ya Ardennes, pande za Vielsalm katika Ubelgiji. Ndani yake mna chembe ndogo mno za madini magumu ya garneti, ambazo hula chuma polepole bila ya kukichana. Jiwe hilo hutumiwa kwa maji au povu la sabuni. Mwanagenzi mwenye akili alimwachia fundi kazi ya jiwe.

Na fundi huyo aliilipia kazi yake kwa mwili wake. Wembe haukuzaliwa na makali. Ulisuguliwa kwanza juu ya magurudumu makubwa ya mawe yaliyozungushwa kwa nguvu za maji, na baadaye kwa mvuke. Katika Sheffield mnoaji aliinama juu ya gurudumu mchana kutwa, akivuta pumzi iliyojaa vumbi la mawe na la chuma. Daktari Arnold Knight wa mji huo aliandika juu ya ugonjwa wa mapafu wa wanoaji mwaka 1830. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 juu ya hali ya wafanya kazi wa Uingereza, alimtumia Knight kuwa shahidi wake, kwamba wanoaji wa jiwe kavu hawakuzidi sana miaka 35 ya maisha, na wale wa jiwe lililoloweshwa hawakuvuka sana miaka 45. Katika sehemu ya pili ya karne hiyo mafundi wa Solingen katika Ujerumani wakaja kuwa mashuhuri kwa nyembe zilizokombwa pande zote mbili, nyembamba hata ubapa ukibonyezwa kwa ukucha hupinda kidogo. Kila unene ulioondolewa uligeuka kuwa vumbi, na vumbi lilikuwa na pua ya kuingia. Ulaini alioufurahia bwana mbele ya kioo chake asubuhi ulikuwa na upande huo ambao Packwood hakuutungia wimbo.

Mwaka 1895 King Camp Gillette, mchuuzi wa vizibo vya chupa aliyekaa Brookline karibu na Boston, alisimama mbele ya kioo chake akakuta wembe wake ni butu. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba haukuwa butu wa kawaida. Ulikuwa umepita mahali ambapo ukanda waweza kuusaidia, na ulihitaji kupelekwa kwa kinyozi au mfua visu akautie katika jiwe. Hapo, akiwa ameushika, wazo likamjia. Kama makali tu ndiyo yanayonyoa, kwa nini mtu awe na ubapa mzima na mgongo mzito? Yafaa bati jembamba la feleji lenye makali pande mbili, lishikwe katika kishikio, na likiwa butu litupwe. Mwajiri wake, William Painter, aliyevumbua kizibo cha bati, alikuwa amekwisha kumshauri avumbue kitu ambacho watu wataninunua, watakitumia na kukitupa, kisha watakinunua tena.

Wataalamu wa chuma walimwambia kwamba bati jembamba hivyo haliwezi kutiwa ugumu bila ya kupindika. Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa mhandisi William Nickerson. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, zilitoka nyembe 51 na mabati 168. Mwaka uliofuata nyembe zilipita 90,000, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Mwaka 1918 serikali ya Marekani ilinunua kiasi cha nyembe milioni 3 na nusu kwa ajili ya askari wake waliokwenda vitani Ulaya, nao waliporudi kwao walirudi na desturi mpya.

Maneno yaliyochapwa juu ya bidhaa hiyo yastahili kutazamwa. Hayakusifu kwanza ukali, wala bei, wala usalama. Yalimtangazia mnunuzi kwamba hapana ukanda na hapana jiwe. Kilichouzwa kilikuwa ruhusa ya kutojua. Si kwamba nyembe za usalama hazikuwako kabla yake: ndugu wa ukoo wa Kampfe mjini New York walikuwa wakiuza za kwao tangu 1880, lakini kipande chao cha makali kilipaswa kunolewa kama wembe wowote, tena kilikuwa kifupi na kibaya kushika. Henry Gaisman naye alijaribu njia ya katikati. Wembe wake ulikuwa na nafasi ya kupitishia ukanda mwembamba wa ngozi, na ukivutwa huku na huku makali yalijigeuza yenyewe, bila ya mkono kuweza kukosea. Kwa haki, huo ulikuwa uvumbuzi wenye akili kuliko wa Gillette, maana ulimwokoa mwanagenzi na kosa la mwishoni mwa ukanda bila ya kumfanya mtumwa wa duka. Uliuzwa vema. Hata hivyo mwaka 1930 kampuni mbili hizo ziliungana, na jina lililobaki mbele ya watu ni la Gillette.

Vinyozi wenyewe walishika wembe wa kukunja kwa miaka mingi zaidi. Kilichowaachisha katika nchi nyingi hakikuwa uvivu bali maradhi. Tangu miaka ya 1980, ulipotambuliwa ukimwi, makali yaliyopita juu ya mashavu ya watu wengi yalikuwa jambo la kuogopwa, na katika Afrika Mashariki pia watu walionywa kila mahali wasishirikiane nyembe. Ukanda wa kinyozi, uliopokea kila wembe baada ya kila mteja, haukuweza kuchemshwa wala kuoshwa kwa dawa kali bila ya kuharibika. Siku hizi kinyozi hushika mpini uliofanana na ule wa zamani, ambao ndani yake hutiwa kipande cha bati kipya kwa kila mtu. Neno la Kiswahili limefuata mkondo huo kimya kimya. Kijana wa leo akitumwa dukani kununua wembe huleta bati jembamba ndani ya karatasi. Methali ya kutia zako maji mwenzio akinyolewa bado ina maana kwake. Lakini wembe wa kunolewa nyumbani hajauona.

Je, ngozi ile ilifanya nini hasa? Jibu limechelewa. Mwaka 2004 John Verhoeven, mtaalamu wa madini katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, alitazama makali ya visu na nyembe kwa hadubini ya elektroni. Akaona kwamba ngozi tupu haikubadilisha sana makali yaliyotoka jiweni, bali ngozi iliyopakwa unga laini wa oksidi ya kromiamu iliyasafisha na kuyapunguzia unyuzi wa chuma ulioachwa na kinoo. Vinyozi wangebisha, na wasingekosa hoja, kwa kuwa walichokirekebisha kila asubuhi hakikuwa makali mapya yatokayo jiweni, bali makali yaliyokwisha kukutana na ndevu.

Mkutano huo wa makali na ndevu ulichunguzwa mwaka 2020 na Gianluca Roscioli na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, na habari yao ikatolewa katika jarida la *Science*. Unywele ni laini kuliko feleji kiasi cha mara 50, na ilidhaniwa kwamba huyala makali kidogo kidogo kwa kuyasugua. Hadubini ilionyesha vingine. Unywele unaopinda chini ya wembe huweza kuyabandua makali kipande, na kipande hubanduka pale ambapo chuma si cha namna moja na ukingo wa makali umekwisha kuwa na pengo. Nyembe walizozitazama zilikuwa za kutupwa, ambazo hazikupita juu ya ukanda hata mara moja. Na mapengo waliyoyapiga picha yalikuwa ya jamaa ile ile ambayo Hooke aliichora mwaka 1665, kwa taa na kioo, katika kitabu kilichomkesha Pepys.